Katungu na Picha za Darubini Iliyozimwa

Katungu alizaliwa Vuhovi, katika nyumba ya watu wa maharage na viazi, na kama baba yake alimwacha aendelee na masomo, sababu ilikuwa moja tu: hakujua kulima. Mistari yake ilipinda, jembe lilimkata vidole vya mguu. "Huyu, jembe limemukataa," mzee alisema. "Afazali kalamu imukubali." Kalamu ikamkubali. Alimaliza sekondari katika hisabati na fizikia, wasichana wawili ndani ya darasa la watu arobaini, na alipofika miaka ishirini na sita alikuwa mwalimu wa fizikia huko Oicha. Huko ndiko alikoolewa na Ésaïe, mlimaji wa kakao, mtu mrefu mwenye kawaida ya kucheka kwanza ndipo aongee.

Mambo ya darubini yalimkuta akiwa mtu mzima. Alikuwa amejiandikisha chuo Butembo ili amalize digrii yake, akiteremka huko kila likizo. Siku moja Profesa Jean-de-Dieu, mwanaume mfupi aliyefundisha na koti hata wakati wa joto, aliwaonyesha ukutani picha ya nyota yenye mkia.

"Hii nyota jina yake Mira," alisema. "Batu banaiangalia tangu miaka mia ine. Mukia, hapana mutu aliuona. Munajua juu ya nini?"

Wanafunzi wakatazamana, naye akajibu mwenyewe.

"Juu mukia unatoa mwangaza wenye macho yetu haioni."

Kisha akawaeleza kuhusu miale ya urujuanimno. Ni ule mwanga wa jua unaopausha kitenge kikikaa mno kwenye kamba, unaochoma ngozi bila mtu kuuona. Hewa ya juu inauzuia mwingi wake usitufikie, na ni heri yetu, maana ungetumaliza. Lakini kwa mwenye kuchunguza nyota, hewa hiyo ni pazia. Anayetaka kuona nyota katika mwanga huo hana budi kupeleka jicho lake nje ya pazia. Basi mwaka 2003 Wamarekani walirusha darubini ndogo iitwayo GALEX, kioo chake hakizidi upana wa ungo. Kwa miaka kumi ilizunguka dunia ikipiga picha sehemu kubwa ya anga. Nyota changa, zile zenye moto mkali, hutoa miale hiyo kwa wingi. Kwa hiyo darubini ile iliwaonyesha watu mahali ambapo nyota zinazaliwa, hata pembezoni mwa galaksi ambako hakuna aliyezitarajia. Ndiyo iliyouona mkia wa Mira, mkia mrefu kiasi kwamba mwanga wenyewe unahitaji miaka kumi na mitatu kutoka ncha hii mpaka ile. Mwaka 2013 ikazimwa. Picha zake zote zikaachwa wazi kwenye mtandao, mwenye kutaka achukue.

"Mutu yeyote?" Katungu akauliza. "Hata wa Oicha?"

"Hata wa Vuhovi," profesa akajibu, na darasa likacheka, kwa sababu wote walijua anakotoka.

Alipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kurudi nyumbani akiwa na kazi yake ya mwisho ya chuo kichwani. Kuna galaksi za duara zilizorefuka kama yai, ambazo wataalamu walikuwa wakizihesabu kuwa zimezeeka, zimeacha kuzaa nyota. GALEX ilipozitazama, baadhi yake zikaonekana zina mwanga mchanga bado. Katungu alichagua galaksi mia mbili na kumi na mbili za namna hiyo, apime mwanga wa kila moja, aone ni ngapi kweli zinazaa.

Ilimchukua miaka mitatu. Kushusha picha moja kwa mtandao wa Oicha kulianza asubuhi, na mara nyingi mtandao ulikata mchana, katikati ya kazi. Ésaïe ndiye aliyepeleka kompyuta kwenye saluni yenye jenereta kuichaji, akakaa nayo hapo asije mtu akaibadilishia waya. Hakusoma zaidi ya darasa la sita, lakini jioni aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mifugo.

"Leo umepata ngapi?"

"Mbili."

"Paka mbili tu? Basi kesho tatu."

Mama Berthe, mama yake Ésaïe, aliyeishi nao, alisikiliza haya yote akitenga mchele na mawe. Kwake ilikuwa kazi ya ofisi kama kazi nyingine za ofisi.

Ukafika msimu wa kakao wa mwaka juzi. Asubuhi ya Jumatano Ésaïe alikwenda shambani na jirani zake wawili, kuvuna kabla ya wezi. Kabla ya saa sita risasi zililia upande wa mashamba. Katungu alikuwa ubaoni. Aliwatoa wanafunzi kwa mlango wa nyuma, akakimbia nyumbani, akamkuta Mama Berthe amesimama mlangoni na sufuria mkononi, hajui aiweke wapi.

"Ésaïe iko wapi?" mama akauliza.

"Atatukuta mu njia. Twende."

Alisema hivyo ili mama aondoke. Barabara ya Beni ilikuwa imejaa watu, magodoro, mbuzi, mapikipiki yenye watu watano. Kila mwanaume mrefu aliyekuwa mbele yao, Katungu alikaza mwendo mpaka amuone uso. Walifika Beni na nguo walizovaa. Kompyuta, na ile disque ndogo yenye picha zote na vipimo vyote vya miaka mitatu, vilibaki ndani ya sanduku chini ya kitanda. Alikumbuka jambo hilo siku ya pili, na alipolikumbuka halikumuuma.

Walipokelewa katika mtaa wa Bungulu na Hadjara, mke wa msafirishaji mmoja, aliyekuwa akinunua kakao ya Ésaïe. Aliwapa chumba alichokuwa akiwekea magunia. Siku ya nne habari zikaja. Miili ya wale jirani wawili ilikuwa imepatikana, imefungwa mikono. Wa Ésaïe haukuwepo. Wengine walisema waasi wamemchukua awabebee mizigo, wengine wakatikisa kichwa tu.

Siku ya tisa Katungu aliamka, akajifunga kitenge cha Hadjara, akatafuta moto wa kwenda Oicha. Hadjara alimshika mkono penye geti.

"Dada, unaenda kutafuta nini kule? Kama ni bintu, bintu binaisha. Kama ni yeye, wewe peke yako utafanya nini?"

"Sijue," Katungu akasema. "Lakini hapa ndani nitakufa."

Nyumba yao haikuwa na mlango. Kitanda hakikuwapo, wala sufuria, wala mabati matatu ya jikoni, wala hata waya wa kuanikia nguo. Sanduku lilikuwa uani, limepasuliwa, daftari zake zimelowa mvua mpaka wino ukawa maji ya buluu. Disque hakuiona. Aliipapasa ndani ya majani kwa mikono kama mtu anayetafuta sindano, akageuza kila jiwe la uani, ingawa alijua kabisa kwamba anayeiba sufuria haachi kitu chenye waya.

Kutoka hapo akaenda kwa miguu mpaka mahali njia ya mashamba inapoanzia. Askari wawili walikuwa wameketi chini ya turubai.

"Maman, zonga," mmoja akamwambia kwa Kilingala, kisha kwa Kiswahili: "Rudia. Hapa hapana kupita."

"Bwana yangu iko ndani."

"Ndani hakuna mutu, maman."

Aliutazama msitu wa kakao, matunda ya manjano yaliyoiva kupita kiasi, mengine yamekwisha kuwa meusi juu ya mti. Akaita. "Ésaïe!" Akaita tena na tena, kwa sauti ambayo hakujua anayo, mpaka askari mdogo akainuka, akamshika mabega kwa upole na kumgeuza. Kijana yule alikuwa akilia. "Maman, acha," alisema. "Batasikia." Hakusema ni akina nani watakaosikia.

Miezi iliyofuata Katungu hakuikumbuka vizuri baadaye. Walihamia Butembo, yeye na Mama Berthe, kwenye chumba kimoja juu ya kilima, kwa sababu shule moja ilikuwa imefungua madarasa ya watoto waliokimbia na ilihitaji mwalimu wa fizikia. Alifundisha asubuhi. Mchana alipiga simu: kwa waliofika kutoka msituni, kwa jamaa za waliofika, kwa kila ofisi yenye orodha ya waliopotea. Alitaja jina, urefu, kovu la panga kwenye kiwiko cha kushoto. Jibu likawa lile lile, "Tutawaambia."

Siku moja alikwenda chuo kumwona profesa.

"Nimekuya kuaga, Prof. Miye naacha."

Jean-de-Dieu alimwonyesha kiti. Alikuwa amesikia yote. "Disque ilipotea," alisema polepole, "lakini picha haikuwa ku disque. Iko kule kwenye iliwekwa. Unaweza kuanza tena."

Katungu akacheka, kicheko kibaya. "Prof, unasikia vile nasema? Bwana yangu bamemubeba. Na weye unaniambia habari ya picha?"

Mzee akavua miwani. "Sina kintu ingine ya kukupatia," akasema. "Kama ningekuwa nayo, ningekupatia."

Kisha akaandika ufunguo wa ofisi yake utakaa kwa nani, na kwamba kompyuta yake iko bure kila siku kuanzia saa nane, umeme ukiwepo.

Kwa wiki mbili hakwenda. Alirudi siku ambayo simu zote zilikuwa zimekwisha na hakukuwa na namba nyingine ya kupiga. Alikaa mbele ya kompyuta ile, akafungua ghala la darubini, akaandika namba za mahali ilipo galaksi ya kwanza aliyoikumbuka kwa kichwa. Doa likajitokeza, kijivu, limefifia kando. Akaweka duara, akapima, akaandika namba. Hakuhisi tumaini lolote. Alihisi tu kwamba kwa dakika kumi na tano mikono yake haikutetemeka. Hilo likatosha kumrudisha siku iliyofuata. Mia mbili na kumi na mbili hazikuwezekana tena. Profesa akakubali sitini.

Katika sitini zile, kumi na moja zilionyesha mwanga. Alimpelekea profesa akiwa karibu na furaha, ya kwanza tangu Oicha.

"Vizuri," mzee alisema. "Lakini unajua shida yake. Hata nyota nzee, zenye zilipoteza ngozi ya inje, zikabakia moyo tupu unaowaka, zinatoa mwangaza huu huu. Ziko na udanganyifu. Chunguza tena moja moja."

Alichunguza. Alilinganisha mwanga huo na picha za darubini nyingine, rangi kwa rangi. Saba zikaanguka. Zilikuwa nyota nzee. Alizipiga mstari kwa kalamu nyekundu, na alipofika ya saba kalamu ilitoboa karatasi. Zikabaki nne.

Katika wiki hiyo hiyo Hadjara alipiga simu kutoka Beni. "Kuko mwanaume moja ametoka porini. Jina yake Kambere. Anasema alikuwa na Ésaïe."

Mama Berthe alipiga magoti palepale jikoni. Katungu aliondoka alfajiri. Njia nzima ya Butembo hadi Beni alikuwa akizungumza na dereva wa moto, yeye ambaye hakuzungumza na watu, akimweleza jinsi mumewe anavyopenda ndizi za kuchoma, atakavyokonda, watakavyomlisha kidogo kidogo asije akaumwa tumbo.

Kambere alikuwa ameketi sebuleni kwa Hadjara, mifupa mitupu, miguu imefungwa vitambaa. Alikunywa chai kwa mikono miwili.

"Ndiyo," alisema, "tulikuwa na Ésaïe. Mutu muzuri. Alinibebea gunia siku nilikuwa na homa."

"Iko wapi?"

"Alibakia. Mingine sijue, mama."

"Alikuwa anakuambia habari ya bibi yake? Ya mama yake?"

"Alikuwa anasema sana habari ya batoto yake. Sita."

Katungu aliweka kikombe chake chini. Yeye na Ésaïe hawakujaliwa mtoto.

"Urefu wake?" aliuliza, ingawa hakutaka tena kujua.

Kambere akaonyesha kwa mkono, usawa wa bega lake mwenyewe. "Mufupi. Alikuwa anakaa kando ya Mbau, alikuwa mufundi wa mbao." Akatazama uso wa mwanamke, kisha uso wa Hadjara. "Si yeye? Mama, unisamehe. Jina ilikuwa ile ile."

"Hapana shida," Katungu akamwambia. Akamshukuru. Akamwombea apone. Akatoka nje akatapika chai yote kwenye ukuta wa Hadjara, na Hadjara akamshika paji la uso kama mtu anavyomshika mtoto.

Mama Berthe, alipoambiwa, hakulia. Alikaa siku tatu bila kusema, na siku ya nne alikwenda parokia kuomba misa ya marehemu.

"Mama, marehemu nani?" Katungu akamuuliza.

"Mutoto yangu."

"Hatujaona mwili."

"Sitauona."

Hawakuzungumza tena mpaka siku yenyewe. Katungu alikwenda misani, maana angefanyaje, lakini hakuvaa nguo nyeusi, akakaa benchi la mwisho. Abbé, padri wa parokia, alikuwa kijana mwenye moyo mwema. Mama Berthe alikuwa amemsimulia kazi ya mkamwana wake, naye akaona ametumiwa mfano. Alisimama mimbarini akasema kwamba hata juu kabisa mbinguni kuna galaksi ambazo wenye akili walidhani zimekufa, kumbe zingali na mwanga; vivyo hivyo ndugu yetu Ésaïe.

Katungu akainuka akatoka. Viatu vyake vilisikika kanisa zima.

Mama Berthe alimkuta nje, kwenye ngazi, baada ya baraka.

"Umenipatisha haya."

"Ile kazi ni yangu," Katungu akasema. "Ile mwangaza ni nyota, Mama. Ni hewa na moto. Si Ésaïe. Saba zilikuwa za bongo, za uongo, nilizifuta kwa mukono yangu. Musinifanyie nayo mahubiri. Na musimuzike mutu na mimi sijamuona!"

"Na weye unamungojea mpaka wakati gani?"

"Mpaka nijue."

Mwanamke mzee akakaa kwenye ngazi, taratibu, akishika goti. "Miye nilimuzaa," alisema. "Kila mara mutu anabisha mulango, moyo yangu inasimama. Iko na umri, hii moyo. Haiwezi tena. Weye ungojee, mwanangu. Sikukatazi. Lakini uniache mimi nimulilie."

Katungu alikaa naye kwenye ngazi ile, huku waumini wakipita kando yao wakijifanya hawawaoni, na Mama Berthe akamlilia mwanawe kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Katungu alimshika mgongoni. Yeye hakulia. Hakuthubutu.

Mwezi wa saba alitetea kazi yake mbele ya walimu watatu. Umeme ulikatika mara mbili. Alieleza darubini ilivyofanya kazi, jinsi kimojawapo cha vipokea-mwanga vyake viwili kilivyokufa mwaka 2009 ikaendelea na kilichobaki, jinsi alivyochagua galaksi sitini na kwa nini alizikataa saba kati ya kumi na moja. Mwalimu mmoja, mwenye umri, akauliza kile ambacho Katungu alikitarajia.

"Madame, hapa kwetu batu banakufa. Hii kazi yako inatusaidia nini?"

Alikuwa ametayarisha jibu kuhusu elimu na maendeleo. Lilimtoka kichwani.

"Haitusaidii, Prof," alisema. "Sitawadanganya. Haikurudisha mutu. Lakini nilitaka kusema kintu kimoja chenye ni kweli, na nikisemaka nijue ni kweli. Ku Oicha, ku Beni, kila siku batu bananiambia: iko, haiko, bamemuona, hawakumuona. Hizi ine, nimezipima. Ziko."

Walimu wakampa alama za kupita, na moja zaidi. Profesa Jean-de-Dieu alimpa mikono yake yote miwili, akaenda kufunga madirisha.

Wiki iliyofuata aliitwa kwenye sekretarieti kujaza karatasi ya diploma. Jina, mahali pa kuzaliwa, tarehe. Penye hali ya ndoa aliruka, akaenda mstari wa chini.

"Madame, hapa umesahau," sekretari akasema, akimwonyesha kwa kucha. "Célibataire, hujaolewa; mariée, umeolewa; veuve, bwana alikufa. Unaweka alama moja."

"Na kama mutu hajue?"

Msichana akamtazama, hajaelewa. Nyuma yao watu walikuwa kwenye mstari. "Bila hiyo masini haikubali, Madame. Inakataa kuimprimer, haitoe diploma."

Katungu alishika kalamu. Alisimama pale muda mrefu hivi kwamba mtu wa nyuma akakohoa. Hatimaye akaweka alama kwenye *mariée*, akamrudishia msichana karatasi, akatoka kwenye jua la saa nne bila kungoja risiti. Alikuwa na darasa saa tano, na kabla ya hapo namba moja mpya ya kupiga, ya mwanamke wa Mbau ambaye shemeji yake alikuwa ametoka msituni Jumapili.